Sahani Isirudi Tupu: Biskuti za Kakao na Krismasi ya Isiolo

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu nilipomaliza darasa la nane. Najua wenzangu wataandika juu ya dawa za kulevya, wizi wa mifugo na nidhamu shuleni, na mada hizo ni nzito kweli. Mimi nitaandika juu ya biskuti. Msicheke bado.

Maoni yangu ni haya: sisi wanafunzi Wakristo wa mji huu, likizo ya Disemba ikifika, tujifunze kuoka biskuti za kakao wenyewe, nyumbani, kwa jiko la makaa, na tuwapelekee majirani zetu Waislamu. Biskuti ni tamu, hilo halina ubishi. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba biskuti ni chakula cha Krismasi kinachoweza kuvuka ua bila kumtia mtu yeyote katika shida. Nyama haivuki hivyo. Nitaeleza nilivyolijua jambo hili, na wala halikunijia kwa raha.

Sisi tunaishi Bula Pesa, katika ploti yenye milango sita. Ninyi mnaoishi huko mnajua ploti zetu zilivyo: mlango huu Mmeru, mlango ule Mborana, huyu Mturkana, yule Msomali, na bomba la maji ni moja. Mlango unaotazamana na wetu anakaa nyanya mmoja Mborana pamoja na binti yake na wajukuu. Sote, hata baba, tunamwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Tangu nipate akili, kila Idd Akko hutuletea sahani ya pilau, kaimati, na biskuti zake nyeupe zenye iliki. Mama huiosha sahani ile, akaweka kitu ndani, akairudisha. Sahani ya jirani hairudi tupu. Nilifundishwa hilo kabla sijafundishwa kuhesabu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka wa 2022. Mnaukumbuka mwaka ule. Mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020, na mifugo ilikuwa imekufa kutoka Merti hadi Garba Tulla. Watoto wa kiume wa Akko walio huko ndani walibaki na mbuzi wa kuhesabu kwa vidole. Matokeo ya KCPE yalitangazwa tarehe 21 Disemba, siku nne kabla ya Krismasi, nami nilikuwa nimepita vizuri. Baba mkubwa alifurahi hata akapanda gari kutoka Maua akiwa na beberu. Siku zote nyumbani kwetu, kama ilivyo kwa Wakristo wengi hapa mjini, huitwa Mwislamu achinje ili ploti nzima ile. Lakini baba mkubwa si mtu wa Isiolo. Alifika usiku, akaamka alfajiri, na sisi tulipotoka nje beberu alikuwa ameshatundikwa mtini.

Hakuna aliyelifikiria. Mama alipika pilau, nami nikajaza sahani yetu kubwa mpaka ikawa mlima, nyama juu. Vipande nilichagua mwenyewe. Katika mwaka wa njaa kama ule nilijiona mtu mkubwa, mtu anayetoa. Akko aliipokea kwa mikono miwili, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua kwa ajili ya masomo yangu.

Jioni, nikiwa bombani, nikamwona mjukuu wake akitoka na sahani ileile imefunikwa kwa kitambaa. Alivuka barabara akampa bawabu wa ghala la ng'ambo, ambaye ni Mturkana na ni Mkristo. Kitambaa kilipoinuliwa niliona mlima wangu uko vilevile. Hata punje haikuwa imepungua.

Nilikasirika kukasirika kwa kweli. Niliona tumedharauliwa. Siku ya pili sahani yetu ilirudi na nusu kilo ya sukari, na sukari ile niliikataa kwenye chai. Kwa zaidi ya mwezi mzima nilikuwa nikimjibu Akko salamu kwa kichwa tu, kama mtu aliyeumia shingo. Mjukuu wake mkubwa ndiye aliyeniondolea giza. Nilimtolea maneno yote pale bombani mwezi wa pili, na hakukasirika. Aliniuliza jambo moja:

"Kwani nani alichinja?"

"Baba mkubwa."

"Basi," akasema, akaendelea kujaza mtungi wake.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Miaka kumi na mitatu nimeishi Isiolo na sikufikiria! Akko angeweza kusema mlangoni kwamba hawali. Hakusema, ili asimwaibishe mama siku ya sikukuu. Aliipokea, akahakikisha imeliwa na mtu mwenye njaa ambaye dini yake inamruhusu, kisha akaturudishia sukari. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemnunia.

Hapo ndipo biskuti zilipoingia katika maisha yangu. Idd-ul-Fitr ya 2023 iliangukia mwezi wa Aprili, na nikaenda kumsaidia Akko kuoka, nusu kwa kupenda na nusu kwa kutubu. Nilidhani atakuwa na oveni mahali fulani. Katika vitabu vya sayansi kimu kila biskuti huanza kwa kuambiwa uwashe oveni hadi digrii 180, na kwetu oveni tunaiona kwenye televisheni. Akko alikuwa na jiko la makaa, sufuria kuukuu nzito, na mchanga. Aliutandaza mchanga ndani ya sufuria kina cha vidole viwili, akapanga mawe matatu madogo juu ya mchanga, akafunika, akaweka makaa machache juu ya kifuniko. Mchanga ukashika moto polepole na kuutoa polepole. Sinia ya bati yenye biskuti ikakaa juu ya mawe yale, na joto likaja kutoka chini na kutoka juu. Hiyo ndiyo oveni, wenzangu. Nyanya ambaye hajakaa darasani hata siku moja ndiye aliyenifundisha mambo ya joto kuliko nilivyoyaelewa baadaye kwenye fizikia. (Mwalimu wetu wa fizikia anisamehe.)

Nikaamua kwamba Krismasi inayofuata nitarudisha sahani kwa biskuti, na ziwe za kakao. Wengine wameniuliza kwa nini kakao, si nioke tu kama zake? Kumrudishia mtu zawadi yake mwenyewe si kurudisha. Zake ni nyeupe na zina iliki. Zangu ziwe nyeusi, mtoto akiziona toka mbali ajue hizi zimetoka mlango wa pili. Tena nasema kakao ya unga, si chokoleti ya kipande. Chokoleti huanza kuyeyuka kabla joto halijafika digrii 34, ndiyo maana huyeyuka mdomoni. Nendeni mkanunue kipande saa saba mchana Disemba, mtembee nacho mpaka Bula Pesa, mniambie mmefika na nini. Kakao ya unga haijali jua letu.

Mara ya kwanza, Disemba 2023, nilishindwa vibaya. Ule ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino, barabara zimekatika na mto umejaa. Mimi nikachota mchanga ukingoni, nikauona mkavu kwa juu, nikautia sufuriani. Akko alipita, akanusa, akafunua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni.

"Wewe mtoto, hii mchanga iko na maji! Unaoka biskuti ama unapika uji?"

Sinia ya kwanza ilitoka kama ugali wa kahawia. Ya pili niliiacha muda mrefu, nikingoja biskuti zikauke zikiwa bado motoni, kosa ambalo kila anayeanza hulifanya. Biskuti ikitoka motoni huwa laini, hukauka ikipoa. Na kwa kuwa kakao ni nyeusi tangu mwanzo, huwezi kuona kwa macho kwamba inaungua, ni pua tu itakayokuambia. Kaka yangu alitafuna moja, akashika taya, akasema, "Hizi si za Bula Pesa, hizi ni za Kulamawe." Walio na jamaa Kulamawe wasinichukie, ni maneno ya kaka. Krismasi ile mama alirudisha sahani kwa majani ya chai.

Disemba 2024 ndipo zilipokubali, na nitaandika hapa nilivyofanya ili yeyote aweze kufanya. Vipimo ni kikombe cha chai cha kawaida. Nilichukua majarini gramu 125, hiyo ambayo sote tunaiita Blue Band hata kama mkebe una jina jingine, nikaipiga kwa mwiko na robo tatu ya kikombe cha sukari mpaka ikawa nyeupe na nyepesi. Hapa usione uvivu. Mkono ukichoka mpe kaka. Nikatia yai moja, nikapiga tena. Kando nikachekecha vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vitatu vikubwa vya kakao, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Nikachanganya yote, nikalainisha kwa vijiko viwili vya maziwa. Maziwa yenyewe yalikuwa ya ngamia, kwa sababu binti wa Akko huuza maziwa hayo, yale yanayopakiwa garini kila siku kwenda Eastleigh, Nairobi, na hatukuwa na mengine. Basi biskuti zangu zilikuwa na yai la kuku wetu na maziwa ya ngamia wao. Nilifinyanga vidonge kama ndimu ndogo, nikavibonyeza kwa uma, nikavipanga sinia nane nane vikiachana, maana hutanuka.

Mchanga niliuosha na kuuanika juu ya bati siku tatu. Sufuria ilikaa motoni na mchanga wake robo saa kabla ya kuingiza biskuti, na kila sinia ilichukua dakika kumi na tano hivi. Harufu ya kakao ikianza kujaa uwanja, fungua, usingoje nyingine. Zilitoka thelathini na mbili, na gharama yote pamoja na mkebe wa makaa haikupita shilingi mia tatu na hamsini. Linganisheni na bei ya mbuzi.

Hapa niseme ukweli kwamba kakao yenyewe imekuwa ghali. Haimei kwetu. Walio karibu wanaoilima ni watu wa Bundibugyo huko Uganda, wa Kyela huko Tanzania na wa Beni mashariki ya Kongo, lakini zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana. Mavuno ya huko yaliharibika kwa hali mbaya ya hewa na magonjwa ya miti, na mwezi wa Machi 2024 bei ya tani moja katika soko la dunia ikapita dola 10,000, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Mkebe mdogo katika duka letu nao ukapanda kama umesikia habari hizo. Dawa niliyoiona ni kuchanga. Vijiko vitatu hutosha biskuti thelathini, kwa hiyo milango mitatu ya ploti inaweza kununua mkebe mmoja na ukabaki.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana wapo, na wengine tunakaa nao dawati moja.

Kuna mmoja aliyeniambia ati biskuti za Krismasi ni mambo ya wazungu. Sawa, mkakao asili yake ni Amerika ya Kusini, na wazungu wenyewe waliupata kwa wenyeji wa bara la Amerika. Chai je? Pilau je? Mji huu wenyewe ulikua baada ya serikali ya kikoloni kuwapa makao hapa askari Wasomali waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tukianza kutupa kila kilichotoka mbali, Isiolo itabaki na mawe na upepo.

Mwingine akauliza, si nimuite tu Mwislamu achinje, nipeleke nyama kama kawaida? Ndiyo, na tufanye hivyo kila mara tunapochinja, nami sipendi yatokee tena ya baba mkubwa. Lakini mbuzi si wa mtoto. Mbuzi hununuliwa na mzazi, huamuliwa na mzazi, na mwaka wa kiangazi hayuko kabisa. Biskuti naweza kuzifanya mimi mwenyewe, mwanafunzi, kwa pesa nilizoweka kidogo kidogo, bila kumngoja mtu mzima akumbuke.

Wale wanaosema nunua biskuti za mkebe dukani upeleke, hao nawaelewa, hata sisi tumefanya hivyo. Ila ule mkebe una maandishi madogo madogo ya vitu vilivyomo, na Akko hasomi. Zangu akiwa na wasiwasi ananiuliza, namjibu. Na nilijifunza vitu vya kuangalia. Mafuta yawe ya mimea. Vyombo visiwe vilivyopikia nguruwe. Mimi nilinunua sinia mpya na haifanyi kazi nyingine. Vanila ya chupa niliiacha, kwa sababu nyingine huwa imetengenezwa kwa pombe, nikatia iliki kidogo, na kwa kweli iliki na kakao zinapendana.

Hoja nzito kuliko zote niliambiwa na Mwislamu, mwenzetu wa kidato hiki hiki, tena kwa upole. Alisema kwao hawapokei kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya sikukuu ya dini nyingine, hata kiwe halali. Sikubishana naye, maana hiyo ni dini yake na nyumba yake. Nilimuuliza kama naweza kuleta siku nyingine ya likizo, akacheka akasema siku nyingine hata mbili alete nani akatae. Kwa hiyo nasema: uliza kwanza. Mimi niliumia mwaka wa 2022 kwa sababu sikuuliza, na kuuliza hakugharimu chochote.

Wavulana nao wanasema ni kazi ya wasichana. Kaka yangu ndiye anayejua kupanga makaa juu ya kifuniko kuliko sisi wote, na sitaendelea na hoja hii.

Kuna jambo jingine ambalo mama alinikumbusha. Yeye alipokuwa msichana, Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani miaka mitatu mfululizo, 1998, 1999 na 2000. Majirani walikuwa wamefunga, na chakula cha mchana kilipelekwa magharibi kikiwa kimeanza kuchacha kwa joto. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwa hesabu yangu kufikia Krismasi ya 2031 tutakuwa tena ndani yake. Mimi nitakuwa mtu mzima, na pengine nina jiko langu. Pilau haitangoja magharibi, lakini biskuti katika mkebe uliofungwa vizuri hungoja wiki nzima.

Basi Krismasi ya 2024 niliibeba sahani yetu ile ile kubwa nikavuka uwanja. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya mtihani. Akko alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda. Akaniuliza mafuta ni gani, nikamwambia ya mimea, nikamwonyesha hata mkebe, maana nilikuwa nimekuja nao. Akauliza sufuria. Nikamwambia ni ile aliyonifundishia yeye, na sinia ni mpya. Akachukua biskuti moja, akaigeuza chini juu, akaitazama sana, kisha akanitazama mimi.

"Na hii," akasema, "nani alichinja?"

Wajukuu walianguka kwa kicheko, na mimi sikujua kama nicheke au nilie. Kumbe alijua yote siku nyingi. Aliila pale pale mbele yangu, akachukua ya pili, akaniambia sukari imezidi.

Mwaka huu nitapunguza sukari iwe nusu kikombe. Tutaoka tarehe 23, na mchanga nimeuchota mapema wakati mto ulipokuwa umekauka. Uko juu ya bati, paka wetu ndiye ninayemlinda asiuchafue. Mwenzangu yeyote wa Bula Pesa, Kulamawe au Kambi ya Juu anayetaka kuja kujaribu aje na yai lake na kikombe chake cha unga. Kakao ninayo nusu mkebe.